Camillo Golgi na Saa za Homa

Kaskazini mwa nchi ya Italia, karibu na mpaka wa Uswisi, kuna bonde lililozungukwa na milima mirefu yenye theluji, na ndani ya bonde hilo kijiji kidogo ambacho zamani kiliitwa Corteno. Huko alizaliwa Camillo Golgi, mwezi wa Julai mwaka 1843. Baba yake, Alessandro, hakuwa mwenyeji wa milimani. Alitoka mji wa Pavia, chini katika nchi tambarare, akaja Corteno kuwa mganga wa wakulima na wachungaji. Alipata watoto wanne, na Camillo alikuwa wa tatu. Basi tangu utoto wake aliona jinsi watu wanavyobisha mlango usiku, wakiomba mganga aondoke upesi kwa ajili ya mgonjwa.

Camillo alipokuwa kijana alishuka kwenda Pavia, mji wa baba zake, kusoma uganga katika chuo kikuu cha huko. Pavia iko kando ya mto uitwao Ticino, na pande zote umezungukwa na mashamba ya mpunga. Msomaji anayejua kilimo cha mpunga anajua pia jambo linalofuata: maji yanasimama shambani, jua linayapasha moto, na mbu wanazaliwa. Kila mwaka majira ya joto yalipofika, wakulima wa Pavia walishikwa na homa. Wengine walitetemeka, wakatoka jasho, wakarudi kazini, kisha wakatetemeka tena. Watoto walivimba tumbo upande wa kushoto, kwa sababu ya wengu kukua. Hakuna aliyejua homa hiyo inatoka wapi. Watu wa Italia walisema inatoka katika hewa iliyooza ya mabwawa, ndiyo maana wakaiita malaria, yaani hewa mbaya. Jina hilo tunalitumia mpaka leo, ingawa si kweli.

Golgi alimaliza masomo mwaka 1865, akiwa na miaka 22. Alifanya kazi katika hospitali ya San Matteo ya mji uleule. Huko alikutana na mganga mwingine, Giulio Bizzozero, fundi wa kutazama kwa darubini, ile ya kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Bizzozero alikuwa mdogo kwa Golgi karibu miaka mitatu. Lakini Golgi hakuona haya kufundishwa na mdogo wake. Akaketi karibu naye akajifunza kazi hiyo yote. Watu wengi hukosa elimu kwa sababu ya haya ya namna hiyo.

Mwaka 1872 ilimbidi kuondoka Pavia. Mshahara ulikuwa haba, na baba yake alimhimiza atafute kazi ya hakika. Akakubali kuwa mganga mkuu wa hospitali ya Abbiategrasso, mji mdogo ambamo waliwekwa wagonjwa wasio na tumaini la kupona. Kwa mtu apendaye kuchunguza, kazi hiyo ilifanana na kuzikwa kabla ya kufa. Hapakuwa na chumba cha kuchunguzia wala vyombo wala wenzake wa kuzungumza nao. Golgi akatwaa jiko, akalifanya chumba cha kazi. Mchana aliwatunza wagonjwa. Usiku aliwasha mshumaa akatazama vipande vyembamba vya ubongo kwa darubini yake. Mwaka 1873 alipata njia mpya ya kuvitia vipande hivyo rangi nyeusi kwa chumvi ya madini ya fedha, na kwa mara ya kwanza chembe moja ya ubongo ikaonekana nzima, pamoja na matawi yake yote, kama mti uliosimama peke yake uwandani. Kazi hiyo ya jikoni ndiyo iliyomletea sifa kubwa kuliko zote. Lakini habari yetu ni ya homa, na homa ilikuwa ikimngoja Pavia.

Alirudi huko baada ya miaka michache, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 1877 alimwoa Lina Aletti, aliyekuwa wa jamaa ya Bizzozero. Hawakupata mtoto.

Wakati huo, ng'ambo ya bahari, jambo kubwa lilitokea. Mwezi wa Novemba 1880, katika mji wa Constantine nchini Algeria, mganga wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alitazama damu ya askari mwenye homa. Akaona ndani yake viumbe vilivyo hai, vyenye vumbi jeusi mwilini, na kimoja kikatoa nyuzi nyembamba zilizochezacheza kama mijeledi. Laveran akatangaza kwamba homa ya malaria haitoki katika hewa; kiumbe kidogo kinaishi katika damu ya mgonjwa na kumla. Siku hizi kiumbe cha namna hiyo huitwa kimelea, maana humea juu ya uhai wa mwingine. Waganga wengi hawakumsadiki. Huko Roma walikuwapo waliosema kwamba wamekwisha kupata sababu nyingine ya homa katika udongo wa mabwawa. Lakini waganga wawili wa Roma, Ettore Marchiafava na Angelo Celli, walitazama damu kwa bidii hata wakaona ya kuwa Laveran amesema kweli. Mwaka 1885 Golgi alikwenda Roma, akaonyeshwa vijidudu hivyo kwa macho yake mwenyewe. Akarudi Pavia akiwa na swali moja moyoni.

Swali lenyewe ni hili. Tangu zamani za kale waganga walijua kwamba homa hii inatunza saa. Mtu mmoja hushikwa siku ya Jumatatu. Jumanne na Jumatano yu mzima, anakula, anazungumza. Alhamisi, karibu saa ileile, anaanza kutetemeka tena. Waliiita homa ya siku ya nne, kwa kuwa waliihesabu na siku ya kwanza. Mwingine hushikwa Jumatatu, akapumzika Jumanne, akashikwa tena Jumatano. Hiyo ni homa ya siku ya tatu. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Je, hewa mbaya ina kalenda? Golgi alijiuliza kama saa hizo si saa za homa, bali ni saa za kijidudu.

Kumjua alivyofanya kazi ni rahisi, kuigiza ni vigumu. Alimchagua mgonjwa mwenye homa ya siku ya nne. Akamchoma kidole, akatwaa tone la damu, akaliweka kati ya vioo viwili, akatazama. Baada ya saa chache alitwaa tone jingine la mtu yuleyule. Kisha jingine. Usiku na mchana, siku baada ya siku, akiandika alichoona pamoja na saa na hali ya mgonjwa. Laveran alikuwa ameona maumbo mengi ya kijidudu bila kujua lipi linatangulia lipi. Ni kama mtu aliyeona yai, kiwavi na kipepeo katika siku moja, asijue kwamba ni kiumbe kimoja. Golgi akayapanga.

Homa ikiisha kupita, aliona ndani ya chembe nyekundu za damu kitu kidogo cheupe, kisicho na rangi, kama tone la maji. Ndicho kijidudu kichanga. Siku ya pili kilikuwa kimekua, na ndani yake mna vumbi jeusi. Vumbi hilo ni mabaki ya chakula chake, maana kinaila ile rangi nyekundu ya damu, na kisichoweza kuliwa kinabaki kama majivu mekoni. Siku ya tatu kilikuwa kimeijaza chembe karibu yote. Kisha vumbi likakusanyika katikati, na mwili wa kijidudu ukaanza kugawanyika kuuzunguka, mfano wa ua lenye petali zilizopangwa sawasawa. Mara nyingi alihesabu kati ya 6 na 12. Mwishowe chembe ikapasuka, na watoto wakatoka wakaingia kila mmoja katika chembe nyingine.

Na saa ile chembe zilipopasuka, mgonjwa alianza kutetemeka.

Hapo Golgi alijua amepata jibu. Msomaji amekwisha kuona kumbikumbi wanavyotoka kichuguuni. Siku nyingi hakuna kinachoonekana, na mtu apitaye adhani kichuguu kimekufa. Kisha jioni moja wote watoka pamoja hata hewa inajaa mabawa. Vijidudu vya malaria ni vivyo hivyo. Vikiwa ndani ya chembe, vinakula kimya na mtu hasikii neno. Vikipasuka vyote kwa wakati mmoja, uchafu wao unamwagika katika damu, na mwili unawaka moto. Homa basi si ugonjwa unaoingia na kutoka. Ugonjwa haujatoka hata kidogo katika zile siku mbili njema, bali unakua. Yule mkulima anayesema Jumanne kwamba amepona anabeba ndani yake homa ya Alhamisi, nayo imekwisha kutimiza theluthi ya umri wake.

Golgi aliyatangaza hayo kwanza mwishoni mwa mwaka 1885 na mwaka 1886. Kisha akaigeukia homa ya siku ya tatu, na mwaka 1889 alikuwa na maelezo yake. Kijidudu chake kilikuwa namna nyingine. Kilikuwa chepesi, kikinyosha mikono yake huku na huku ndani ya chembe. Chembe yenyewe ilivimba ikafifia rangi. Kilikomaa kwa siku mbili badala ya tatu, na kilizaa watoto wengi zaidi, 15 au 20. Kwa hiyo homa mbili zina wazazi wawili mbalimbali. Lakini wako pia wagonjwa wanaoshikwa kila siku. Hao nao Golgi aliweza kuwaeleza. Damuni mwao mna vizazi viwili vya homa ya siku ya tatu, kimoja kikipasuka leo na cha pili kesho, au vizazi vitatu vya homa ya siku ya nne vinavyopokezana zamu kama walinzi. Alipotazama damu yao aliona kweli vichanga na vilivyokomaa pamoja.

Akaona na neno jingine, lenye faida kubwa kwa waganga waliomfuata. Ukali wa homa unafuata wingi wa vijidudu vinavyopasuka. Vikiwa vichache mno mtu hana homa yoyote, ingawa ameambukizwa. Vikiongezeka, anapata homa ndogo; vikiongezeka tena, homa kali. Na kuongezeka kwao hakufanani na kuongezeka kwa akiba ya mtu anayeweka sarafu moja kila juma. Kijidudu kimoja kikiacha watoto 10 walio hai, nao wakiacha 10 kila mmoja, baada ya vizazi vinne tayari ni 10,000. Kwa homa ya siku ya tatu, hizo ni siku nane tu. Kwa sababu hiyo mtoto aliyekuwa akicheza Jumapili aweza kuwa mahututi Jumapili ifuatayo, na wazazi wakasema kwamba ugonjwa ulikuja ghafula. Haukuja ghafula. Ulikuwa ukizaa.

Dawa ilikuwapo. Kinini inatoka katika ganda la mti wa Amerika ya Kusini, na ganda hilo lilijulikana Ulaya tangu karne ya 17. Mti huo ulipandwa baadaye hata katika milima ya Kivu. Lakini waganga waliitoa kwa kubahatisha, wengine wakati mgonjwa anapotetemeka, wengine baadaye. Golgi alitazama damu ya watu waliokunywa kinini, akaona kwamba dawa haivipigi vijidudu vyote sawasawa. Vilivyokomaa na kuanza kugawanyika haviizuii kazi yao. Vichanga vilivyotoka tu ndivyo vinavyokufa kwa urahisi. Kwa hiyo akashauri kinini itolewe saa chache kabla ya homa kuanza, ili watoto wakitoka waikute dawa inawangoja damuni. Homa ya siku ile haitazuilika, bali ile inayofuata itazuilika. Hivyo mgonjwa maskini wa Pavia, asiyejua kusoma, alipata faida ya zile tone nyingi za damu zilizotazamwa usiku.

Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Homa za Pavia ni kali lakini hazikuwa nyingi kati yao zilizoua. Huko Roma, na katika nyanda zake zenye mabwawa, ilikuwapo homa nyingine iliyotokea mwishoni mwa majira ya joto na kuendelea hadi majani yanapoanguka. Hiyo haikutunza saa vizuri. Iliwaka bila kupumzika, au ilipumzika kidogo tu. Mgonjwa aliweza kupoteza fahamu na kufa katika siku chache. Nayo ilikuwa na fumbo lililowasumbua waganga. Walipotazama damu ya kidole waliona vijidudu vichanga tu, mfano wa pete ndogo nyembamba, na pengine vichache sana. Vikubwa havikuonekana. Ua lenye petali halikuonekana. Mtu yu karibu kufa, na tone la damu yake laonekana karibu safi! Kama ukali unafuata wingi, wingi huo uko wapi?

Wako waliodhani kwamba kanuni ya Golgi imeshindwa. Yeye hakukaa Pavia kuitetea kwa maneno. Alikwenda Roma, akachunguza wagonjwa wa homa hiyo, naye hakutosheka na damu ya kidole. Alitwaa pia damu kutoka ndani ya wengu kwa sindano. Mwaka 1893 aliandika alichokiona. Vijidudu vya homa ya Roma vinakulia mafichoni. Vikiwa vichanga vinazunguka pamoja na damu. Vikianza kukomaa vinakaa katika viungo vya ndani, katika wengu na uboho wa mifupa, na huko ndiko vinakogawanyika. Marchiafava na mwenzake Amico Bignami nao walikuwa wamefungua miili ya waliokufa, wakakuta mishipa midogo ya ubongo imezibwa na chembe zilizojaa vijidudu na vumbi lao jeusi. Basi kanuni haikuvunjika. Hesabu ilifanywa mlangoni, na wageni walikuwa ndani ya nyumba.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kongo kuliko linavyowahusu watu wa Pavia, maana kijidudu kile cha Roma, kiitwacho plasmodiamu falsiparumu, ndicho kinacholeta karibu malaria yote ya nchi yetu. Nchi ya Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, ikiifuata Nigeria. Waganga waliomfuata Golgi wamefahamu pia kwa nini huyu ni mkali kuliko ndugu zake. Kijidudu cha homa ya siku ya tatu, kile cha Pavia, huingia hasa katika chembe changa za damu. Cha siku ya nne hupenda zilizozeeka. Chembe za namna hizo ni chache, kwa hiyo wingi wao una kikomo. Falsiparumu huingia katika chembe za umri wowote. Tena kikifikia kimo cha kati, siku ya pili ya maisha yake, hutoa vinundu vidogo juu ya chembe aliyomo, na kwa vinundu hivyo chembe inanata katika ukuta wa mshipa kama mbegu za magugu zinavyonata katika nguo. Kikinata katika mishipa ya ubongo, mtoto anashikwa na degedege na kulala usingizi usioamshwa. Kikipasua chembe nyingi mno, damu inapungua, viganja na ulimi vinakuwa vyeupe, na pumzi inakwenda mbio.

Kwa sababu hiyo muuguzi mwenye akili hatazami hesabu ya kioo peke yake. Vijidudu vichache katika tone la mtoto anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, asiyeweza kuketi au asiyemtambua mama yake, si habari njema. Huenda jeshi lote limejificha. Na akiona katika tone la kidole vijidudu vilivyokomaa, au vumbi jeusi ndani ya chembe nyeupe, anajua kwamba huko ndani viko vingi sana. Mtoto wa namna hiyo anapelekwa hospitalini saa ileile, hata kama ni usiku.

Ile habari ya dawa na umri wa kijidudu nayo haikuisha na Golgi. Kinini huchelewa kuvipiga vile vichanga kabisa vya falsiparumu, vilivyo bado na umbo la pete. Dawa iitwayo atesunati, itokayo katika mmea wa China, huviua vikiwa bado vinazunguka, kabla havijanata. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, na Kongo ilikuwa mojawapo, pamoja na Tanzania, Rwanda, Uganda na Kenya. Kati ya waliopewa sindano za kinini walikufa karibu 11 katika kila 100. Kati ya waliopewa atesunati, walikufa 8 au 9. Tangu hapo atesunati ndiyo imeshika nafasi ya kwanza kwa ugonjwa ulio mkali.

Yako mambo Golgi hakuyaona. Kwamba mbu ndiye mchukuzi, alilithibitisha Ronald Ross kwa ndege huko India mwaka 1898, na Battista Grassi pamoja na wenzake kwa watu huko Italia mwaka huohuo. Yale maumbo ya mwezi mwandamo ambayo Laveran aliyaona damuni hayaleti homa. Ni madume na majike yanayongoja mbu, na mtu aliyekwisha kupona aweza kuwa nayo bado. Na mwaka 1948, Golgi akiwa amekwisha kufa, waganga wa Uingereza walionyesha kwamba vijidudu vinavyotoka katika mdomo wa mbu haviingii katika chembe nyekundu za damu moja kwa moja. Hukaa kwanza ndani ya ini, falsiparumu kwa muda wa karibu juma moja, vikizaa kwa maelfu bila homa wala maumivu. Kwa hiyo anayetetemeka leo asimtafute mbu wa jana.

Sifa zilimjia Golgi kwa wingi. Alikuwa mkuu wa chuo kikuu cha Pavia mara mbili, na mwaka 1900 mfalme alimweka katika baraza la wazee wa nchi. Mwaka 1906 alipewa tuzo ya Nobel, si kwa ajili ya homa, bali kwa ajili ya ile kazi ya jikoni juu ya ubongo. Alipaswa kuigawana na Mhispania, Santiago Ramón y Cajal, aliyeitumia njia ya Golgi mwenyewe ya rangi nyeusi na kuonyesha kwamba kila chembe ya ubongo imesimama peke yake, ikigusana tu na jirani zake. Golgi aliamini kwamba zote zimeungana kama wavu mmoja. Katika hotuba yake ya tuzo, mbele ya watu wakuu na mbele ya Cajal aliyeketi akisikiliza, alisimama akautetea wavu wake na kulipinga fundisho la mwenzake. Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Ni vigumu kufahamu jinsi mtu aliyeweza kusafiri hadi Roma kwa ajili ya vijidudu vilivyomkosesha hesabu, alivyokataa kuona jambo lililokuwa mbele ya darubini yake kwa miaka mingi. Labda wavu ulikuwa mtoto wake wa ujana, na homa ilikuwa kazi ya utu uzima.

Vita kuu ya kwanza ilipoanza alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, hata hivyo alisimamia hospitali ya askari waliojeruhiwa huko Pavia, akashughulika hasa na wale walioumia mishipa ya fahamu. Mwaka 1918 aliacha kufundisha kwa sababu ya umri, lakini aliendelea kwenda katika chumba chake cha kazi. Alikufa Pavia tarehe 21 Januari 1926, akazikwa katika mji huo.

Mashamba ya mpunga yako bado pande zote za Pavia, na majira ya joto maji yanasimama kama zamani. Homa imekwisha, mwaka 1970 Italia ilitangazwa kuwa nchi isiyo na malaria. Na kile kijiji cha milimani alikozaliwa mtoto wa mganga kinaitwa sasa Corteno Golgi.